Kibao cha Brisbane kilichoitangulia panki ya London

MNAMO Septemba 1976, vijana wanne wa jiji la Brisbane nchini Australia walifyatua santuri ndogo yenye nyimbo mbili kwa fedha zao wenyewe. Nakala zilizochapishwa zilikuwa 500 pekee. Hapakuwa na kampuni iliyowadhamini, wala kilabu kikubwa kilichokuwa radhi kuwapa jukwaa.

Hata hivyo, kibao kilichokuwa kwenye santuri hiyo, "(I'm) Stranded" cha bendi ya The Saints, leo kinahesabiwa miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za mtindo wa roki uitwao panki. Kilitoka kabla ya bendi yoyote ya panki ya Uingereza kutoa santuri yake. Bendi ya The Damned ya London ilitoa "New Rose" Oktoba 22 mwaka huo, nayo Sex Pistols, ambayo watu wengi hudhani ndiyo iliyoanza, ikatoa "Anarchy in the UK" Novemba 26.

Historia ya kibao hicho, pamoja na albamu iliyokifuata, ni historia ya wasanii waliofungiwa milango nyumbani, wakafunguliwa na wageni, kisha wageni hao hao wakataka kuwageuza wawe watu wengine.

Mzaliwa wa Nanyuki

Jambo ambalo halifahamiki na wapenzi wengi wa muziki humu nchini ni kwamba sauti inayosikika katika kibao hicho ni ya mtu aliyezaliwa Kenya. Mwimbaji Chris Bailey alizaliwa mjini Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, Novemba 29, 1956. Wazazi wake walikuwa na asili ya Ireland. Wakati huo Kenya ilikuwa ingali koloni la Uingereza, na Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa haijaondolewa.

Bailey hakukulia Nanyuki. Alilelewa jijini Belfast hadi alipokuwa na umri wa miaka 7, ndipo familia yake ikahamia Australia na kufanya makao katika mtaa wa Inala, pembeni mwa Brisbane. Inala ni mtaa uliojengwa na serikali ya jimbo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kuwapa makao watu wa kipato cha chini.

Mpiga gita wa bendi hiyo, Ed Kuepper, naye alikuwa mhamiaji. Alizaliwa mwaka wa 1955 katika jiji la Bremen, Ujerumani, akapelekwa Australia angali mtoto. Wawili hao walifahamiana wakiwa wanafunzi wa shule ya upili, wakaungana na Ivor Hay ambaye baadaye alishika ngoma. Bendi yao ya kwanza, iliyoundwa mapema katika miaka ya 1970, iliitwa Kid Galahad and the Eternals, kabla ya kubadilishwa jina kuwa The Saints. Mwaka wa 1975, Kym Bradshaw alijiunga nao kupiga gita la besi.

Jimbo chini ya mkono mzito

Ili kuelewa ghadhabu iliyomo katika muziki wa vijana hao, sharti kwanza kulielewa jimbo walimoishi. Brisbane ndio mji mkuu wa Queensland, jimbo lililotawaliwa na Joh Bjelke-Petersen tangu 1968 hadi 1987. Kiongozi huyo alisifika kwa msimamo mkali wa kihafidhina na kwa kuwatumia polisi kuzima upinzani.

Mnamo Julai 1971, timu ya raga ya Afrika Kusini ilipozuru Australia na wananchi wakajitokeza kuupinga utawala wa ubaguzi wa rangi, Bjelke-Petersen alitangaza hali ya hatari katika jimbo zima kwa muda wa mwezi mmoja. Miaka sita baadaye, Septemba 1977, serikali yake ilipiga marufuku maandamano ya kisiasa barabarani.

Vijana wenye nywele ndefu na magita ya umeme hawakuwa na nafasi kubwa katika mazingira hayo. Wenye baa na kumbi za burudani walipendelea bendi zilizopiga nyimbo za watu wengine zilizokwisha kupata umaarufu. The Saints walikuwa na nyimbo zao wenyewe, walipiga kwa sauti ya juu mno, tena kwa kasi ambayo wacheza densi hawakuizoea. Kazi zikawa adimu.

Afueni iliyokuwepo ni kituo cha redio kinachojulikana sasa kama 4ZZZ, kilichoanza kurusha matangazo Desemba 1975 kutoka Chuo Kikuu cha Queensland. Kituo hicho kiliwapa nafasi wanamuziki wa mjini ambao redio za kibiashara hazikuwajali.

Nyumba iliyogeuzwa kilabu

Walipokosa pa kuchezea, vijana hao waliamua kujitengenezea ukumbi. Bailey na Hay walikuwa wakiishi katika nyumba ya kupanga kwenye barabara ya Petrie Terrace, karibu na katikati ya jiji, ng'ambo tu ya makao makuu ya polisi. Sebule ya nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa mahali pa mazoezi, kisha wakaigeuza kuwa kilabu chao na kukiita Club 76.

Kilabu hicho kiliwapa wasikilizaji wachache waliofika kwa kuambizana. Hapo ndipo bendi ilipozikomaza nyimbo zake bila kumnyenyekea mwenye baa yeyote.

Muziki wenyewe haukuanguka kutoka mbinguni. Kuepper alikuwa msikilizaji mwenye bidii wa roki ya kale ya Marekani ya miaka ya 1950, na vilevile wa bendi mbili za eneo la Detroit, The Stooges na MC5, zilizovuma mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa magita yenye mikwaruzo. Aidha, Australia yenyewe ilikuwa na urithi wa bendi kali za miaka hiyo, kama vile The Missing Links. The Saints waliuchukua urithi huo na kuuongezea mwendo.

Huo ulikuwa wakati ambapo roki ya kimataifa ilikuwa imeelekea kwingine. Bendi kubwa za Uingereza na Marekani zilitumia miezi mingi studioni, zikitoa nyimbo ndefu zenye ala nyingi na ufundi wa kujionyesha. Kijana asiye na pesa angeweza kuzisikiliza nyimbo hizo, lakini hangeweza kuziiga. Panki ilikuja kusema kwamba mtu hahitaji kibali cha kampuni wala miaka kumi ya mafunzo ndipo apande jukwaani.

Kurekodi "(I'm) Stranded"

Mnamo Juni 1976, bendi hiyo iliingia Window Studios, studio iliyokuwa hapo hapo Brisbane, pamoja na mtayarishaji Mark Moffatt. Walirekodi nyimbo mbili: "(I'm) Stranded" kwa upande wa kwanza wa santuri, na "No Time" kwa upande wa pili.

Jina la kibao hicho lina maana ya mtu aliyekwama mahali, asiye na njia ya kuondoka. Mashairi yake hayataji serikali wala polisi, bali yanaeleza hali ya kijana aliye mbali na kila kitu. Kwa wakazi wa Brisbane ya miaka hiyo, maelezo zaidi hayakuhitajika.

Kinachomshika msikilizaji tangu mwanzo ni gita la Kuepper. Halianzi kwa utangulizi wa taratibu. Linaingia kwa kishindo, nalo haliachi nafasi tupu hata kidogo hadi mwisho, takriban dakika tatu na nusu baadaye. Ngoma za Hay zinausukuma wimbo mbele bila madoido. Juu ya vishindo hivyo yote, Bailey anaimba kwa sauti nzito ya kuburura maneno, kama mtu aliyechoka na ambaye hana nia ya kumbembeleza yeyote. Mgongano huo baina ya gita lenye haraka na sauti isiyo na haraka ndio alama ya The Saints ambayo bendi nyingi zilizoiga mtindo wao hazikuweza kuifikia.

Kwa kuwa hapakuwa na kampuni iliyotaka kuuza wimbo huo, bendi ilianzisha chapa yake na kuiita Fatal Records. Siku hizi msanii yeyote anaweza kujirekodia na kujiuzia wimbo kupitia mtandao, lakini mwaka wa 1976 hatua hiyo ilikuwa nadra kwa bendi ya roki. Kuchapisha santuri kulihitaji kiwanda, na pesa za kiwanda zilitoka mifukoni mwa vijana wenyewe.

Yapo mambo yaliyowauma wakati huo. Miezi mitano kabla ya santuri yao kutoka, Aprili 23, 1976, bendi ya Ramones ya New York ilikuwa imetoa albamu yake ya kwanza. Kuepper amewahi kueleza jinsi alivyovunjika moyo alipoisikia, kwa kuwa alijua kwamba watu wangesema The Saints waliiga Ramones ilhali walikuwa wakipiga muziki wa namna hiyo kwa miaka kadhaa bila habari za wenzao wa Marekani. Bendi mbili katika mabara mawili zilikuwa zimefika mahali pamoja kwa njia tofauti, lakini aliyetangulia kufika sokoni ndiye aliyepata jina.

Sifa kutoka ng'ambo

Nabii hakubaliki kwao. Vyombo vikuu vya habari vya Australia havikuishughulikia sana santuri hiyo. Hata hivyo, bendi ilikuwa imetuma baadhi ya nakala zake kwa vituo vya redio na magazeti ndani na nje ya nchi, na moja ilifika London katika ofisi za jarida la muziki la Sounds.

Katika toleo la Oktoba 16, 1976, mwandishi Jonh Ingham aliiteua kuwa santuri bora ya wiki hiyo na ya kila wiki. Sifa hiyo ilikuja wakati ambapo magazeti ya London yalikuwa yakitafuta kwa hamu santuri za mtindo mpya, nazo bendi za jijini humo zilikuwa hazijatoa hata moja. Kampuni ndogo ya Power Exchange ilipata kibali cha kuiuza santuri hiyo nchini Uingereza kabla ya mwaka kuisha.

Jambo la kushangaza zaidi lilitoka makao makuu ya kampuni ya EMI jijini London. Wakuu wa huko waliagiza tawi lao la Sydney liwatafute vijana hao na kuwapa kandarasi. Hivyo ndivyo bendi iliyokosa kazi katika baa za mji wake ilivyotia saini mkataba wa albamu tatu na mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za muziki duniani.

Albamu ya siku mbili

Bendi ilirudi Window Studios mnamo Desemba 1976, safari hii ikiwa na mtayarishaji Rod Coe wa EMI. Albamu nzima ilirekodiwa kwa siku mbili. Ikapewa jina la kibao kile kile, na wimbo wenyewe ukawekwa mwanzoni.

Ilitoka Februari 1977, mwezi ule ule ambao The Damned walitoa albamu ya kwanza ya panki ya Uingereza. Picha ya jalada iliwaonyesha vijana hao wanne ndani ya nyumba chakavu isiyokaliwa, na nyuma yao, juu ya mahali pa kuotea moto, jina la wimbo likiwa limepakwa kwa rangi ukutani.

Albamu hiyo ina nyimbo 10. Anayeisikiliza akitarajia vishindo vifupi vifupi tangu mwanzo hadi mwisho atashangaa. "Messin' with the Kid" ni wimbo wa taratibu unaokaribia dakika sita, wenye huzuni ambayo panki haikusifika nayo. "Nights in Venice", unaofunga albamu, nao unakaribia urefu huo, lakini wenyewe ni wa kasi na fujo isiyopumzika. Kati yake mna nyimbo kali kama "Erotic Neurotic" na "Demolition Girl".

Isitoshe, bendi haikuficha ilikotoka. Ilirekodi upya "Wild About You" wa The Missing Links, na "Kissin' Cousins" ambao awali uliimbwa na Elvis Presley. Wakati bendi nyingi za London zilikuwa zikitangaza kwamba zinaitupilia mbali historia yote ya roki, The Saints walijiona kuwa warithi wake.

Kukataa sare

Katikati ya 1977 bendi ilihamia London. Mwezi Juni ilipanda jukwaa la ukumbi wa Roundhouse pamoja na Ramones na Talking Heads, zote za New York. Julai, kibao chao "This Perfect Day" kilifika nambari 34 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza, nao wakaonekana katika kipindi maarufu cha televisheni, Top of the Pops.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipozuka. Miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, neno panki linajulikana zaidi kama mtindo wa kunyoa nywele, na maana hiyo haikutoka mbali na mambo yalivyokuwa London. Ndani ya mwaka mmoja, panki ilikuwa imegeuka mavazi: nywele zilizosimama, nguo zilizoraruliwa na pini. Kampuni ilitaka bendi yake ifuate mtindo huo ili iuzike kwa urahisi.

The Saints walikataa. Waliendelea kupanda jukwaani kwa mashati ya kawaida na nywele zao ndefu, jinsi walivyokuwa Brisbane. Baadhi ya mashabiki na waandishi wa London waliwaona kuwa washamba waliopitwa na wakati, licha ya kwamba santuri yao ndiyo iliyotangulia kutoka.

Walikataa pia kurudia muziki ule ule. Albamu yao ya pili, "Eternally Yours" ya 1978, iliingiza tarumbeta katika baadhi ya nyimbo. Ya tatu, "Prehistoric Sounds", iliyotoka mwaka huo huo, ilisogea karibu na jazi na muziki wa Wamarekani weusi. Haikuuzika, na EMI ikaachana nao. Kufikia mwisho wa 1978, Kuepper na Hay walikuwa wamejiondoa. Kuepper alirejea Australia na kuunda bendi ya Laughing Clowns, ilhali Bailey alibaki na jina la The Saints akiendelea kulitumia pamoja na wanamuziki wengine kwa miaka mingi.

Heshima iliyochelewa

Utawala ulioilemea Brisbane haukudumu milele. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Tony Fitzgerald kati ya 1987 na 1989 ulifichua ufisadi mkubwa katika idara ya polisi ya Queensland. Bjelke-Petersen aliondoka madarakani mwaka wa 1987, na Terry Lewis, aliyekuwa kamishna wa polisi tangu Novemba 1976, alihukumiwa kifungo mwaka wa 1991.

Wakati huo tayari kizazi kingine cha wanamuziki wa Brisbane kilikuwa kimefuata njia ya The Saints, wakiwemo The Go-Betweens walioanza mwishoni mwa 1977.

Taifa nalo lilianza kuwatambua. Mnamo 2001, "(I'm) Stranded" iliteuliwa na chama cha hakimiliki za muziki, APRA, kuwa miongoni mwa nyimbo 30 bora zaidi katika historia ya Australia, na bendi ikaingizwa katika orodha ya heshima ya tasnia ya muziki nchini humo. Mwaka wa 2007, hifadhi ya taifa ya filamu na sauti iliuweka wimbo huo katika orodha ya sauti zinazostahili kulindwa kwa niaba ya vizazi vijavyo.

Julai mwaka huo huo wa 2007, Bailey, Kuepper na Hay walipanda jukwaa moja jijini Brisbane katika tamasha lililofanyika Chuo Kikuu cha Queensland, pale pale kilipoanzia kituo cha redio kilichowasaidia walipokuwa hawajulikani.

Nyimbo za baadaye za Bailey pia zilipata wapenzi. Mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, Bruce Springsteen, aliurekodi upya wimbo wake "Just Like Fire Would" katika albamu ya "High Hopes" ya mwaka wa 2014. Bailey aliaga dunia Aprili 9, 2022, nchini Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 65.

Mnamo 2024, albamu ya "(I'm) Stranded" ilitolewa upya. Kuepper na Hay walizunguka Australia wakizipiga nyimbo za miaka hiyo ya mwanzo, huku Mark Arm wa bendi ya Mudhoney ya Marekani akisimama palipokuwa pa mzaliwa wa Nanyuki. Zile nakala 500 za Fatal Records, ambazo zamani zilitumwa kwa posta kwa yeyote aliyedhaniwa kwamba huenda akasikiliza, sasa zinasakwa na wakusanyaji wa santuri kote duniani.